Ugali mdogo, samaki mzima: kupunguza wanga kunafanya nini kwenye sukari ya damu

Siku za kliniki ya kisukari, mazungumzo ya kwenye benchi hayatofautiani sana, iwe Ujiji, Mwanga au Kasulu, hapa mkoani Kigoma. Mmoja kaambiwa na jirani aache ugali moja kwa moja. Mwingine anasema mbaya ni sembe, muhogo hauna neno. Wa tatu ana video kwenye simu: kula nyama, mayai na parachichi tu, vidonge utavitupa. Wa nne aliacha sukari kwenye chai akaweka asali ya Tabora, na leo mashine imemsomea 15. Ukimwondoa huyo wa asali, kila mmoja ana kipande cha ukweli. Shida ni kwamba vipande hivyo vikiunganishwa ovyo vinaweza kumwangusha mtu njiani kabla hata ugali haujamdhuru.

Tuanze na wanga wenyewe. Ugali, wali, ndizi za kupika, viazi, mihogo, chapati, maandazi, uji: vyote hivyo msingi wake ni wanga, hata kama mdomoni havina utamu wowote. Ukitaka kuushuhudia, tafuna tonge la ugali mtupu kwa dakika nzima bila kumeza. Utamu utaanza kujitokeza wenyewe, kwa sababu mate yana kimeng'enya kinachoanza kuukata wanga. Wanga ni chembe za sukari zilizotungwa kama shanga, na kazi ya mmeng'enyo ni kukata uzi. Shanga zikishaachana zinaitwa glukosi, na glukosi ndiyo hiyo "sukari" ambayo mashine inaipima kwenye tone la damu. Damu haijui kama glukosi ilitoka kwenye soda au kwenye ugali.

Sasa hesabu kidogo, maana bila hesabu hili jambo halieleweki. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Mashine ikisoma 5 (yaani milimoli kwa lita), namba ya kawaida ya mtu asiye na kisukari kabla ya kula, glukosi iliyomo kwenye damu yote hiyo ni kama gramu nne na nusu. Hicho ni kijiko kimoja cha chai kwa mwili mzima. Halafu rudi jikoni. Kilo moja ya unga wa sembe ina wanga wa gramu 750 hivi. Ikisongwa ikaliwa na watu wazima watano, kila mmoja amepata gramu 150 kwa mlo mmoja. Haziingii zote kwa mkupuo, lakini ndani ya saa mbili tatu sehemu kubwa inakuwa imepita kwenye damu ile ile ambayo kawaida yake ni kijiko kimoja. Asiye na kisukari anakula sahani hiyo na namba yake inapanda kidogo tu kisha inarudi. Kinachomsaidia ni insulini.

Anayeujua mwalo wa Kibirizi ataelewa haraka. Alfajiri mitumbwi ya dagaa inarudi kutoka ziwani, mzigo unashushwa mchangani, wabebaji wanaupeleka kwenye vichanja na maghala. Chakula chenye wanga ndiyo mitumbwi. Insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ndiyo wabebaji. Misuli, ini na mafuta ya mwili ndiyo maghala. Kwa mtu mzima wa afya, mzigo ukishuka unaondolewa, ufukwe unabaki mweupe. Kwenye kisukari cha aina ya kwanza wabebaji hawapo kabisa, kwa sababu kinga ya mwili imeziharibu seli zinazotengeneza insulini. Lazima waletwe kwa sindano. Kwenye aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi, wabebaji wapo, mwanzoni pengine hata wengi kuliko kawaida, ila wenye maghala wanasita kufungua milango. Miaka ikipita wabebaji nao wanachoka na kupungua. Mzigo unabaki umerundikana mchangani, na hiyo ndiyo 15 uliyoiona kwenye kioo cha mashine.

Ukiuangalia mwalo hivyo, kupunguza wanga ni kupunguza mitumbwi inayofika kwa wakati mmoja. Dawa ni kuongeza wabebaji au kulegeza milango. Kutembea dakika kumi na tano baada ya kula ni misuli kuja yenyewe ufukweni kuchukua mzigo, kwa sababu misuli inayofanya kazi inavuta glukosi hata pale insulini inapokuwa haba. Na nyuzinyuzi za mboga, protini ya samaki na mafuta kidogo vinafanya mitumbwi ifike kwa zamu badala ya kutia nanga yote saa kumi na mbili.

Wanga mdogo ni kiasi gani?

Neno hili linatumiwa kiholela. Wataalamu wengi wanaposema mlo wenye wanga mdogo wanamaanisha chini ya gramu 130 kwa siku. Ule mkali, unaoitwa keto, ni kati ya gramu 20 na 50 kwa siku. Linganisha na sahani ya juu: gramu 150 kwa mchana mmoja, kabla hujahesabu chai ya asubuhi na andazi lake wala wali wa usiku. Kwa hiyo mtu wa Kigoma hahitaji kufika keto ili aone mabadiliko. Akishuka kutoka gramu 350 kwa siku hadi 150 tu, mashine itamwambia.

Kwamba namba inashuka, hilo halina ubishi tena. Mwaka 2019 chama cha kisukari cha Marekani kilitoa ripoti ya makubaliano ya wataalamu, kikasema kupunguza jumla ya wanga ndiyo njia ya lishe yenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 23 yenye watu 1,357 wa aina ya pili. Katika majaribio yaliyopima hilo, baada ya miezi sita watu 57 kwa kila 100 waliopunguza wanga walikuwa wameshusha HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, chini ya asilimia 6.5. Kwa waliokula vyakula vya kulinganisha walikuwa 31 kwa 100. Mwaka ulipotimia tofauti hiyo ilikuwa imefifia sana. Hapo ndipo pa kusimama. Mlo ambao mtu hawezi kuuishi mwaka mzima nyumbani kwake, na watoto wake, na misiba na harusi za mtaa, hausaidii hata ukiwa na ushahidi wa makaratasi. Ndiyo maana zile orodha za jibini na lozi zinazozunguka kwenye simu hazifai huku. Hapa tuna samaki kama mgebuka, dagaa na sangala, tuna mayai, karanga, maharage, mchicha, matembele, bamia na parachichi. Samaki hana wanga kabisa. Yai halifikishi gramu moja.

Jambo jingine linalopotea kwenye video ni uzito. Nchini Uingereza lilifanyika jaribio liitwalo DiRECT, matokeo yake ya kwanza yakatoka 2017. Wagonjwa wa aina ya pili walipewa chakula cha nishati ndogo sana kwa miezi mitatu hadi mitano, na mwaka ulipoisha 46 kwa kila 100 walikuwa hawana tena namba za kisukari bila dawa. Mlo wenyewe haukuwa wa kuogopa wanga. Ulikuwa mdogo tu. Mafuta yakipungua kwenye ini na kongosho, milango ya maghala inalegea. Kwa hiyo anayepunguza ugali halafu akaufidia kwa kuogelea kwenye mawese atapata nusu ya faida. Mawese hayana wanga na hayapandishi sukari saa hiyo, ni kweli. Lakini kila gramu ya mafuta ina kalori tisa, zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mazito ambayo mwenye kisukari, ambaye moyo wake tayari uko hatarini, hana sababu ya kuyazidisha. Vijiko viwili vya chakula kwenye sufuria ya familia vinatosha kuipa mboga rangi na harufu yake.

Muhogo, dona, mtama na asali

Imani kwamba ugali wa muhogo ni salama ina mizizi mirefu, na inaeleweka, kwa sababu wazee waliula na kisukari hakikusikika sana. Wazee pia walitembea na kulima. Gramu 100 za unga wa muhogo zina wanga usiopungua gramu 80. Sembe ina kama 75. Protini kwenye muhogo ni gramu moja au mbili, kwenye mahindi kama nane. Yaani muhogo una wanga zaidi na kitu kingine kidogo zaidi. Hauna dhambi ya pekee, ila hauna msamaha wa pekee pia.

Dona ni bora kuliko sembe: pumba na kiini vimebaki, nyuzinyuzi na vitamini zipo. Mtama na ulezi vivyo hivyo. Lakini ubora huo unapunguza kasi kidogo, haufuti gramu. Mtu aliyekuwa akila sahani ya kawaida ya sembe, akahamia dona na kuongeza kipimo mara moja na nusu kwa sababu "hii ni ya wagonjwa", atapanda zaidi ya jana. Uji wa lishe ndio unaowashangaza wengi. Unga uliosagwa laini, ukachemshwa na maji mengi, ukanywewa bila kutafunwa: hakuna namna ya haraka zaidi ya kuufikisha wanga kwenye utumbo, ukiacha soda yenyewe.

Kiporo nacho kina habari yake. Wanga uliopikwa ukapoa hujifunga upya kwa sehemu na kuwa mgumu kusagwa, kwa hiyo wali au ugali wa jana hupandisha kidogo pungufu. Kidogo. Usijenge matibabu juu ya kiporo.

Asali ya Tabora ni nzuri, ya miombo, na mtu asiye na kisukari ajilambie. Kijiko kimoja cha chakula kina sukari ya gramu 17 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai vya sukari ya dukani. Kuwa ya asili hakuigeuzi. Na upande wa pili wa imani hiyo hiyo ni ile ya kwamba kitu kichungu kinakata sukari, ndiyo maana watu wanakunywa shubiri na majani ya kila aina wakikunja uso. Uchungu na utamu vinapigana kwenye ulimi tu. Kwenye damu hakuna anayeonja.

Kwa nini asubuhi iko juu na jana nililala na samaki tu?

Hili swali linawakatisha tamaa wengi, na jibu lake ni ini. Ini lina akiba yake ya glukosi, na pia linaweza kutengeneza mpya. Usiku, hasa kuelekea alfajiri, homoni za kumwamsha mtu zinaliamuru litoe akiba ili mwili uwe na nguvu ya kuanza siku. Asiye na kisukari anatoa insulini ya kuzuia lisipitilize. Mwenye aina ya pili ini lake haliisikii vizuri insulini, linamwaga kupita kiasi. Kwa hiyo mtu anaweza kulala na 7 akaamka na 9 bila kuweka kitu mdomoni. Haina maana kwamba mlo wa wanga mdogo haufanyi kazi. Mlo unaonekana kwanza kwenye namba ya baada ya kula. Namba ya asubuhi huchelewa, wiki kadhaa, na mara nyingi inahitaji uzito kupungua au dawa kurekebishwa. Anayejipima asubuhi pekee anakosa habari yote ya sahani yake.

Sahani yenyewe

Mizani ya jikoni si kitu cha kila nyumba, kwa hiyo tumia unga mkavu kama kipimo. Unga wa gramu 60, karibu vijiko sita vya chakula vilivyojaa kiasi, unatoa ugali wa kutosha tonge chache, na wanga wake ni gramu 45 hadi 50. Pima mara moja dukani kwa mwenye mizani, uone unajaza kikombe chako hadi wapi, uweke alama. Baada ya hapo songa wa familia kama kawaida, wako upakue kwa ukubwa ule ulioujua. Ukikadiria kwa jicho bila kuwahi kupima, jicho linaongeza. Wapishi wote wanajua hilo.

Nafasi iliyoachwa na ugali isibaki wazi, maana njaa ya saa kumi ndiyo inayomrudisha mtu kwenye chapati. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, bamia au kabichi. Mgebuka awe mzima badala ya kipande cha mkia, au dagaa wajae bakuli. Maharage yana wanga, gramu 20 hivi kwa nusu kikombe yakiwa yameiva, lakini karibu theluthi ni nyuzinyuzi na mengine yanasagika taratibu. Yahesabu pamoja na ugali, usiyaweke upande wa mboga. Robo ya parachichi ikikaa pembeni inashibisha.

Kisha anza na mboga na samaki, ugali uje mwishoni. Chakula ni kile kile, ila kilele cha sukari kinakuwa kifupi kwa wengi, kwa sababu wanga unakuta njia tayari imejaa. Kwa mila yetu ya kuchovya tonge kwenye mchuzi ni kazi, najua. Hata kula nusu ya mboga kwanza kunasaidia.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji uangalifu wake, na Ujiji ni mji wa futari. Tende, uji, mihogo ya nazi, viazi, ndizi na maandazi vikikaa kwenye jamvi moja, kila kitu hapo ni wanga. Chagua kimoja kiwe ndicho mlo wako, vingine onja. Anayetumia insulini au vidonge na anataka kufunga aende kliniki kabla mwezi haujaandama, mapema kiasi cha kubadilishiwa dozi.

Hatari iko kwenye dawa

Watu husema "yeye ana sukari ya kupanda, mimi ya kushuka" kana kwamba ni magonjwa mawili. Kushuka, kwa wengi, ni tukio linalompata mtu anayetumia dawa: wabebaji ni wengi kuliko mzigo. Na hapa ndipo mlo wa wanga mdogo unapouma. Mtu aliyepangiwa sindano za insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni alipangiwa kwa sahani ya gramu 150. Akila gramu 40 na kuchoma dozi ile ile, insulini iliyobaki haina cha kubeba isipokuwa kile kijiko kimoja cha sukari kilichomo kwenye damu. Vidonge vya glibenklamaidi na gliklazaidi vina tabia hiyo hiyo, kwa sababu vinalikamua kongosho lote bila kuuliza umekula nini. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu.

Chini ya 4 ni kushuka. Dalili ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Mtu anaweza kuonekana kama mlevi. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida mililita 150, yaani chini kidogo ya nusu chupa. Subiri dakika 15, pima tena, rudia ikiwa bado chini ya 4, halafu ale kitu. Aliyepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kabla ya kupunguza sahani, mwambie daktari au muuguzi wa kliniki unataka kufanya nini na utakula kiasi gani, apunguze dozi kwanza. Usijipunguzie mwenyewe. Mwenye aina ya kwanza haachi insulini kabisa, hata siku ambayo hajala. Akiacha, mwili unayeyusha mafuta ovyo na damu inakuwa na asidi, jambo linaloua kwa siku chache. Wanaotumia vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo, vile ambavyo majina yake yanaishia na gliflozini, wasiingie keto, kwa sababu asidi hiyo inaweza kuwapata hata mashine ikisoma namba nzuri. Mjamzito, mtoto na mwenye figo zilizochoka wana hesabu zao tofauti, na hao watahitaji kukaa na mtaalamu wa lishe.

Kujipima ili sahani iseme

Stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu kwenye mashine, ni ghali, hivyo usizitawanye. Chagua mlo mmoja unaoula mara nyingi. Pima kabla ya kula, pima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza, si baada ya la mwisho. Andika namba mbili na kilichokuwa kwenye sahani. Siku nyingine rudia mlo ule ule na ugali nusu. Kwa wagonjwa wengi lengo ni kuwa chini ya 10 kwenye saa mbili, na kati ya 4 na 7 kabla ya kula, ila lako utapewa kliniki. Mashine ikikuonyesha 126 usizimie: nyingine zinasoma kwa miligramu, gawanya kwa 18, hiyo ni 7.

Kopo la stripu likae limefungwa, mbali na jua na mvuke wa jikoni. Kidole usikikamue kwa nguvu, maji ya mwilini yanachanganyika na damu. Nawa kwa maji na sabuni, kisha kausha. Msimu wa maembe hili ni la lazima: mtu akimenya embe akajipima bila kunawa, sukari ya ngozi inaingia kwenye tone, na mashine inaweza kusoma namba ya juu sana kwa mtu ambaye damu yake iko sawa. Namba ikikushtua bila sababu, nawa, tumia kidole kingine, rudia kabla hujagusa dawa.